Tujifunze: Jiwe la Matumbawe Huhifadhije Mafuta, na Lina Somo Gani kwa Nakuru?

Wengi wetu hudhani kuwa mafuta hukaa chini ya ardhi kama maji ndani ya tangi. Sivyo. Hukaa ndani ya jiwe lenyewe, katika vitundu vidogo, kama maji ndani ya sponji. Wanajiolojia huliita jiwe hilo mwamba wa hifadhi. Miongoni mwa hifadhi bora duniani ni jiwe la matumbawe, lile lile lililojengewa Fort Jesus, Mombasa, kuanzia 1593.

Matumbawe ni viumbe wadogo wa baharini wanaojijengea mifupa ya chokaa. Kizazi kimoja kikifa, kingine hujenga juu yake, na kwa maelfu ya miaka mwamba huinuka kama kilima. Kati ya mifupa hiyo hubaki nafasi. Bahari ikishuka, maji ya mvua huyeyusha chokaa na kuzipanua.

Hata hivyo, vitundu pekee havitoshi. Chukua lile jiwe jepesi la kusugulia miguu, linalopatikana kwa wingi karibu na Longonot. Limejaa vitundu, lakini huelea kwa sababu vingi havijaungana na maji hayapenyi upesi. Hifadhi nzuri ni ile ambayo vitundu vyake vimeungana, ili mafuta yaweze kutiririka hadi kisimani.

Ili mafuta yapatikane, mambo matatu lazima yakutane:

1. Mwamba chanzo, wenye mabaki ya viumbe yaliyozikwa na kupashwa joto hadi yakageuka mafuta au gesi.
2. Mwamba wa hifadhi wa kuyapokea.
3. Mwamba funiko, kama udongo mzito wa mfinyanzi, wa kuyazuia yasipotee juu.

Kenya imeliona jambo hili. Mwaka 2014, kisima cha Sunbird-1 kilichimbwa baharini katika kitalu L10A, pwani ya kusini, mahali penye kina cha maji cha zaidi ya mita 700. Kilifikia mwamba wa kale wa matumbawe uliofunikwa na matope, na ndani yake mlikuwa na gesi, na mafuta chini ya gesi. Lakini kiasi chake hakikutosha kwa biashara. Kugundua ni jambo moja, kunufaika ni jingine.

Je, Nakuru? Chumvi ya Ziwa Nakuru na Elementaita huwafanya wengine waamini kuwa ni mabaki ya bahari. La hasha. Madini huletwa na maji yanayopita kwenye miamba ya volkano, na kwa kuwa maziwa haya hayana mto wa kutokea, maji huwa mvuke na madini hubaki. Mafuta ya Bonde la Ufa yaliyogunduliwa Turkana mwaka 2012 yamo katika mawe ya mchanga, si matumbawe.

Hifadhi yetu sisi ni ya mvuke. Maji ya mvua kutoka nyanda za juu hupenya katika nyufa za miamba ya volkano, hupashwa joto na miamba ya moto iliyo chini, na hufunikwa na tabaka la mfinyanzi juu. Kanuni ni ile ile. Olkaria imezalisha umeme tangu 1981, na kituo cha kwanza cha Menengai kilianza 2023.

Kwa nini mkazi ajue haya? Kwa sababu Sheria ya Kawi ya 2019 inasema mrabaha wa jotoardhi ugawanywe hivi: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya eneo husika. Kwa hivyo, kikao cha ushirikishaji wa umma kinapoitishwa kuhusu uchimbaji, hudhuria na uulize: hifadhi imethibitishwa kwa kisima, au ni makadirio tu? Ina ukubwa gani? Maji yanayotolewa yatarudishwa ardhini? Na usiuze wala kununua shamba kwa uvumi wa utajiri ulio chini yake. Subiri kisima kiseme.