Mwendeshaji Mrefu Mbele ya Pikipiki Mbili Zinazofanana: Somo la Kupima Kabla ya Kununua



Mara nyingi ukurasa huu huzungumzia kofia ngumu, mwendo wa kasi na abiria waliozidi. Leo twaleta somo ambalo wengi hulihesabu kuwa la starehe tu: namna mtu mwenye kimo kirefu anavyopaswa kuchagua pikipiki, anapowekewa mbele yake mbili zinazokaribiana kwa sura, kwa nguvu na kwa bei. Sisi twalihesabu kuwa somo la usalama, na twataka msomaji aone ni kwa nini.

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani, huko Busia, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na mizigo yao kati ya upande wa Kenya na upande wa Uganda. Kazi ile ilikuwa ya mwendo mfupi, na aliyechoka alishuka akanyoosha miguu. Leo kazi hiyo hufanywa kwa pikipiki, na mwendeshaji hukaa juu ya kiti tangu alfajiri hata usiku. Tena pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo unaolipwa kila wiki kwa muda mrefu. Aliyekosea kuchagua leo hana njia ya kubadili kesho. Ataishi na uchaguzi wake, na mwili wake ndio utakaolipa riba.

Goti na breki

Mtu mrefu akikalia pikipiki inayombana, magoti yake hupanda juu, mgongo hupinda, na uzito wa kiwiliwili huangukia mfupa wa kitako. Baada ya saa chache miguu huingia ganzi. Hapo ndipo starehe inapogeuka kuwa usalama. Pikipiki inayokwenda kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Mguu wenye ganzi ukichelewa nusu sekunde tu kufika kwenye pedeli ya breki, pikipiki itakuwa imekwenda zaidi ya mita 8 kabla breki ya nyuma haijaanza kushika. Katika njia ya udongo wenye utelezi, ambako kubana breki ya mbele kwa ghafla huangusha, mita 8 hizo zaweza kuwa ndizo zinazotenganisha kusimama salama na kumgonga mtoto anayevuka kwenda shule.

Kosa la kupima kwa macho

Desturi ya sokoni ni kumkalisha mnunuzi juu ya pikipiki na kumwuliza: Je, nyayo zako zinafika chini? Swali hilo humfaa mtu mfupi. Mrefu hana shida ya kufika chini. Lake yeye ni swali jingine: Je, kuna nafasi gani kati ya kiti na vyuma vya kuwekea nyayo? Nafasi hiyo ndiyo inayoamua goti lake litakunjwa kiasi gani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Pikipiki ya kwanza kiti chake kiko sentimita 80 kutoka ardhini, na vyuma vya nyayo viko sentimita 32. Ya pili kiti chake kiko sentimita 78, na vyuma vyake viko sentimita 27. Kwa macho, ya kwanza ndiyo ndefu, na muuzaji ataisifu kuwa ni ya watu warefu. Lakini tukitoa hesabu, ya kwanza inampa mguu nafasi ya sentimita 48, na ya pili inampa sentimita 51. Pikipiki iliyoonekana fupi ndiyo yenye nafasi. Tofauti ya sentimita 3 ni ndogo kwenye futi ya kupimia, lakini goti lililokunjwa kutwa nzima huihisi.

Vivyo hivyo, msomaji asidanganywe na namba iliyoandikwa ubavuni. Katika barabara zetu zimejaa Bajaj Boxer na TVS HLX za aina mbalimbali, na namba kama 100, 125 au 150 hueleza takriban ujazo wa injini kwa sentimita za ujazo. Haielezi nafasi ya goti. Injini kubwa huvuta mzigo vizuri zaidi mlimani, lakini haimrefushii mtu kiti. Basi namba isomwe kwa ajili ya kazi, na futi itumike kwa ajili ya mwili.

Ziko pia pikipiki za njia mbovu, kama zile ambazo maofisa wa kilimo na wa afya hutumia kufika vijijini. Kiti chake aghalabu huwa juu ya milimita 800, na mrefu hukaa humo kwa raha. Hata hivyo, anayebeba abiria akumbuke kwamba kiti hicho hicho kitamtaabisha mama mzee au mjamzito anayepanda na kushuka. Anayeendesha peke yake aweza kuichagua. Wa bodaboda afikiri mara mbili.

Hatua sita za kupima

Kwanza, nenda umevaa kama unavyovaa kazini: kofia ngumu, koti, na viatu vyenyewe. Anayefanya kazi kwa gumbuti wakati wa mvua aende na gumbuti, kwa kuwa kiatu kikubwa hukwama chini ya wenzo wa gia ambako ndala ingepita.

Pili, chukua futi ya fundi cherehani au ya seremala. Pima kutoka juu ya kiti, pale unapokaa hasa, hadi kwenye chuma cha nyayo. Andika. Fanya hivyo kwa pikipiki zote mbili, ukikalia kila moja ili sifongo ibonyee.

Tatu, kaa kama unayeendesha, na mwombe mwenzako akutazame kwa ubavuni. Goti likiwa juu kuliko nyonga, au likiwa limekunjwa zaidi ya pembe mraba, pikipiki hiyo inakubana.

Nne, zungusha usukani hadi mwisho, kulia kisha kushoto. Kishikio kikigusa goti, au goti likigonga chuma cha kukinga miguu, jua kwamba siku ya kukata kona ya ghafla mguu wako mwenyewe utauzuia usukani.

Tano, kanyaga breki na kubadili gia bila kuinua mguu mzima. Kisigino kibaki kwenye chuma chake, ncha ya kiatu ndiyo ifanye kazi.

Sita, na hii ndiyo inayosahauliwa zaidi, pakia abiria. Mrefu anapokaa peke yake husogea nyuma, akajipatia nafasi katika sehemu isiyo yake. Akipanda abiria, hurudishwa mbele hadi kwenye tangi, na magoti yaliyokuwa huru hupanda. Anayejaribu pikipiki bila abiria huwa amejaribu pikipiki nyingine kabisa, si ile atakayoifanyia kazi.

Baada ya hayo, mwenye leseni aombe ruhusa ya mwenye pikipiki aiendeshe kwa nusu saa katika barabara tulivu. Kuzunguka uani mara mbili hakutoshi, maana maumivu ya mgongo na ganzi ya viganja hazibishi hodi katika dakika tano za kwanza.

Yanayorekebishika na yasiyorekebishika

Ikiwa pikipiki zote mbili zina upungufu mdogo, fundi stadi aweza kusaidia. Usukani hulegezwa kwenye vifungo vyake ukazungushwa kidogo. Wenzo wa gia hukaa juu ya mhimili wenye meno, hivyo waweza kutolewa ukarudishwa jino moja juu au chini. Pedeli ya breki nayo hurekebishwa. Ikisharekebishwa, hakikisha kwamba gurudumu la nyuma linazunguka bila kubanwa na kwamba taa ya breki inawaka. Kiti chaweza kuongezwa sifongo ngumu, nacho kitalipunguzia goti mkunjo.

Kila usukani unapoguswa, washa injini ikiwa katika gia huru, kisha uzungushe usukani pande zote mbili. Injini ikinguruma zaidi bila wewe kuongeza mafuta, waya umevutika. Usiondoke hapo mpaka urekebishwe, kwani waya huo utakuongezea mwendo katikati ya kona. Kadhalika angalia shokapu za nyuma: nyingi zina ngazi za kukaza kulingana na uzito. Zikiwa laini mno kwa mwendeshaji mzito na abiria wake, nyuma hudidimia, na taa ya mbele huinuka ikawapofusha wanaokuja usiku.

Lakini yako mambo ambayo hatutayaita marekebisho: kuchomelea vyuma vya nyayo mahali papya, kukata fremu, kurefusha shokapu kwa vipande vya bomba. Chuma kilichochomelewa vibaya hukatika siku ya mzigo mzito, na aliye juu yake ni mwana wa mtu. Pikipiki isiyokufaa bila kukatwakatwa haikufai, mwachie mwingine.

Neno kwa wenye mali

Pikipiki nyingi za mpakani si mali ya anayeziendesha. Mwenye fedha hununua, na kijana hukabidhiwa ufunguo. Twawasihi wenye mali na vikundi vya akiba: kabla ya kulipa, mleteni huyo atakayeiendesha aikalie. Ikiwa bei zakaribiana, tofauti ndogo ya fedha isishinde tofauti ya sentimita 3 kwenye goti. Kijana anayeumia mgongo hurudi nyumbani mapema, na hesabu ya jioni hupungua. Kijana anayeanguka humgharimu kila mtu.

Kabla ya kutoa fedha

Hutokea kwamba pikipiki inayomfaa mrefu ipo ng'ambo ya mpaka, tena kwa bei ya kuvutia. Kununua huko si kosa, lakini sharti ipitie forodha, ilipiwe ushuru na kusajiliwa kwa taratibu. Linganisha namba ya chasisi na namba ya injini na zile zilizo kwenye hati, herufi kwa herufi. Namba iliyokwaruzwa ni sababu ya kurudisha fedha mfukoni. Uliza pia kama vipuri vyake vinapatikana upande unaoishi, maana pikipiki nzuri inayosubiri kipuri miezi miwili haimlishi mtu.

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Sifa za rafiki mwenye kimo cha wastani ni za kitanda chake yeye. Ndugu mrefu, chukua futi yako, chukua abiria wako, ukae, upime, ndipo uamue. Na mwenye shaka juu ya hati au juu ya marekebisho aliyofanyiwa na fundi, afike kituo cha polisi kilicho karibu naye na kuulizia dawati la mahusiano ya jamii. Kuuliza si kosa, na swali linaloulizwa kabla ya kununua hutupunguzia sote safari za kwenda hospitali.