Somo la Robo Hii: Mwanafunzi wa Ubunifu na Kiti cha Magurudumu



Kila kamati ya parokia inapopanga bajeti ya mwaka, suala la vifaa hujitokeza. Iombwe mashine ipi ya kupukuchulia mahindi? Jiko lipi? Kiti kipi cha magurudumu kwa mtoto asiyeweza kutembea? Baadhi ya vifaa hivyo vilianza kama zoezi la mwanafunzi wa chuo kikuu, mbali sana na Kibondo na Kasulu. Tumeona vema robo hii tujifunze jinsi wanafunzi hao wanavyofundishwa na jinsi kazi zao zinavyotufikia, ili kamati ijue la kuuliza kabla ya kusema asante.

Shahada ya ubunifu wa bidhaa humfundisha mtu kuunda kitu kitakachotumiwa na wengi: kiti, taa, jembe, chombo cha hospitali. Kwa majirani zetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha fani hii ndani ya shahada ya ubunifu ya miaka 4, na Makerere ina shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937. Hapa Tanzania kijana mwenye kipaji hicho anaweza pia kupitia uhandisi wa mitambo, kwa mfano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Maisha ya mwanafunzi huyu hayafanani sana na ya yule wa sheria au ualimu. Muda mwingi yuko karakana. Anapewa tatizo, anachora njia nyingi za kulitatua, anaunda kielelezo kwa maboksi, kisha kwa mbao au chuma. Halafu anasimama mbele ya walimu na wenzake kuitetea kazi yake, nao wanaikosoa waziwazi. Anarudi karakana, anaanza upya, mara nyingine usiku kucha. Mwaka wa mwisho anafanya mradi mmoja mkubwa na kuuweka kwenye maonyesho. Fedha za vifaa humsumbua, na wakati humsumbua zaidi, kwa sababu mradi lazima uishe muhula unapoisha, hata kama tatizo lenyewe halijaisha.

Kiti kilichoanzia darasani

Mwaka 1982 kijana Mwingereza, David Constantine, alivunjika shingo kwa kupiga mbizi kwenye maji huko Australia. Tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu. Baadaye alijiunga na Royal College of Art, London, na mwaka 1989 yeye na mwenzake Simon Gue walishiriki shindano la wanafunzi la kubuni kiti kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Walishinda. Wangeweza kuishia hapo, kwa cheti na picha ya gazeti. Badala yake walikwenda Bangladesh kuona kama kiti chao kinafaa, na mwaka 1991 wakasaidia kufungua karakana huko, wakitumia vifaa vinavyopatikana palepale na kufundisha mafundi wa palepale, wakiwemo wenye ulemavu. Ndivyo lilivyozaliwa shirika la Motivation.

Shirika hilo lilifika pia Tanzania. Mjini Moshi, jirani na hospitali ya KCMC, kipo chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilichoanza mwaka 1981. Katika miaka ya 2000 Motivation ilishirikiana na chuo hicho kuendesha mafunzo ya mafundi wa viti vya magurudumu.

Tazameni kiti chao cha magurudumu matatu, maana kina somo kwa watu wa milimani. Kiti cha kawaida cha hospitali kina magurudumu manne, mawili ya mbele yakiwa madogo. Sakafuni kinakwenda vizuri. Kwenye udongo wetu mwekundu magurudumu madogo huzama au hukwama kwenye jiwe, na aliyekaa hurushwa mbele. Tena penye mabonde na vichuguu gurudumu moja hubaki hewani. Matatu hayana shida hiyo, kama vile chungu kisivyoyumba juu ya mafiga matatu. Gurudumu la tatu likiwekwa mbele kabisa, kiti hakipinduki upesi. Lakini kwa kuwa kimekuwa kirefu, hakigeuki kwa urahisi ndani ya chumba kidogo. Kila uamuzi wa mbunifu una gharama yake, na anayeilipa ni mtumiaji.

Mfano wa pili ni Amos Winter, mwanafunzi wa uhandisi wa MIT nchini Marekani, aliyekuja Tanzania mwaka 2005 kuangalia hali ya viti vya magurudumu. Aliona kwamba viti vya kusukuma kwa mkono vinachosha kwenye barabara mbaya, na baiskeli za walemavu zenye magurudumu matatu, zinazozungushwa kwa mikono, ni kubwa mno kuingia ndani. Yeye na wenzake wakabuni kiti chenye nyenzo mbili ndefu. Mtumiaji akishika juu ya wenzo anapata nguvu ya kupanda mlima. Akishika chini anapata mwendo kwenye tambarare. Gia ni mkono wake mwenyewe! Mnyororo na vipuri vinavyozunguka ni vya baiskeli, hivyo fundi baiskeli wa kijijini anaweza kuvitengeneza.

Mwaka 2009 kiti hicho kilijaribiwa Afrika Mashariki. Watumiaji walisema wazi: njiani ni kizuri, nyumbani ni kipana na kizito. Wabunifu walirudi mezani, wakakipunguza upana na uzito, wakakijaribu tena Guatemala mwaka uliofuata. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bila majibu yale ya mwaka 2009, tungepata kiti cha kulala nje kwenye mvua kwa kuwa hakipiti mlangoni.

Si magurudumu tu. Jodie Wu, naye wa MIT, alishughulikia kifaa cha kupukuchulia mahindi kinachofungwa kwenye baiskeli, na mwaka 2009 akaanzisha kampuni Arusha. Mjini humohumo Bernard Kiwia, fundi baiskeli, amebuni vifaa vingi vinavyoendeshwa kwa pedali bila kusubiri mgeni. Tunamtaja kwa makusudi, maana kamati zetu zina mazoea ya kumtafuta mbunifu kwenye ndege wakati amekaa chini ya mwembe na pampu yake.

Kibondo na Kasulu tufanyeje?

Kwanza tuangalie kalenda. Wanafunzi wa Ulaya na Marekani wana likizo ndefu kuanzia Juni hadi Agosti, na ndipo wengi wanapoweza kusafiri. Kwetu huo ni wakati wa kiangazi: barabara ni kavu, maharage yameshavunwa, watu wana nafasi. Kifaa kinajaribiwa, kinapigwa picha, kinasifiwa. Mvua huanza kama Oktoba au Novemba na kuendelea hadi karibu Mei. Kiti kilichofaulu Julai hakijaonja utelezi wa Machi. Kwa hiyo kamati inayopokea wanafunzi iombe kifaa kibaki kwa mtumiaji msimu mzima wa mvua, na awepo mtu wa kuandika kila mwezi kilichovunjika, kilichotengenezwa na nani, na kwa bei gani.

Hapa tunasema na wafadhili. Safari ya kwanza hupata fedha kwa urahisi. Safari ya pili, ya kurudi na kurekebisha, haina picha nzuri, na ndiyo iliyofanya viti hivi viwili vifae. Tunaomba iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Vilevile mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa utoaji wa viti vya magurudumu. Unataja hatua nane, tangu mtu kuelekezwa kwenye huduma, kupimwa na kuchaguliwa kiti, hadi kulinganishwa nacho, kufundishwa kukitumia na kufuatiliwa baadaye. Kushusha viti kwenye lori na kuvigawa siku ya sikukuu ni hatua moja tu, tena si ya kwanza. Mtu asiyehisi miguu yake akikaa kwenye kiti kisichomfaa, bila mto unaostahili, hupata vidonda vya mgandamizo, na vidonda hivyo vinaweza kumuua. Kiti cha bure kinaweza kuwa ghali kuliko vyote.

Mzazi au mtumiaji mwenyewe akae mezani kamati inapoamua. Fundi baiskeli naye aitwe, aulizwe kama beringi, tairi na mnyororo wa kifaa hicho vinapatikana sokoni Kasulu au Kibondo. Akisema havipo, kamati imwandikie mfadhili hivyo kabla kifaa hakijasafirishwa.

Kabla ya kikao kijacho tunaomba kila kamati ichukue futi kamba na kupima upana wa mlango wa kanisa, wa ofisi ya parokia, wa zahanati iliyo jirani, na wa nyumba ya kila mwanaparokia asiyetembea, pamoja na kimo cha ngazi zilizopo. Andikeni kwa sentimita mtuletee. Vipimo hivyo tutaviambatanisha na kila barua ya maombi ya viti tutakayoandika mwaka huu.