SOMO LA UFUNDI: INJINI YA DIZELI INAYOCHELEWA KUPATA MOTO

Asubuhi za Juni na Julai huku nyanda za Kasulu na Kibondo zina baridi. Ndipo madereva na waangalizi wa pampu za maji wanapofika karakana na lalamiko lile lile: injini imewaka vizuri, lakini nusu saa imepita na mshale wa geji ya joto bado umelala chini. Wengi huliona jambo dogo.

Si dogo. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Injini ikibaki baridi, sehemu ya mafuta haiungui. Mengine hutoka kwenye eksozi kama moshi mweupe wenye harufu kali, mengine huteremka kwenye kuta za silinda mpaka kwenye oili. Oili hiyo huwa nyepesi, na ringi, silinda na beringi hulika kabla ya wakati. Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta kiwango kimepanda bila mtu kuongeza, na oili inanuka dizeli, zima injini na umwite fundi. Injini ya pampu ikifa, foleni ya ndoo kwenye mabomba inarefuka. Ya gari la wagonjwa ikifa, ni mama mjamzito anayesubiri usiku.

Tusichanganye mambo mawili. Injini inayokataa kuwaka asubuhi ina shida nyingine: hita plagi, betri au kompresheni. Somo hili ni la ile iliyokwisha kuwaka.

Kwanza jiulize kama ina kosa kweli. Injini ya dizeli ikiachwa inanguruma bila kazi hutumia mafuta kidogo na kuvuta hewa nyingi ya baridi, hivyo joto lake ni haba. Dereva anayeiacha hivyo nusu saa anapoteza mafuta tu. Subiri dakika moja hivi, taa ya oili iwe imezimika, kisha ondoka polepole bila kukanyaga sana. Ikiwa baada ya kilomita kumi za mwendo wa kawaida mshale bado uko chini, kosa lipo.

Mara nyingi kosa ni themostati. Hiki ni kizibo kidogo kinachofungwa na kufunguliwa na joto la maji. Injini ikiwa baridi huziba njia ya rejeta, maji yakazunguka ndani ya injini peke yake. Kikikwama wazi, maji hupoozwa tangu mwanzo. Na mara nyingine hakipo kabisa! Mafundi wengi hukitoa na kukitupa, wakisema nchi zetu ni za joto. Ushauri huo ni mbaya. Katika injini nyingi, themostati inapofunguka huziba pia njia fupi ya maji. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita rejeta. Matokeo yake gari ni baridi asubuhi na linachemka mlimani likiwa na mzigo.

Kupima bila kufungua kitu: washa injini ikiwa baridi. Baada ya dakika tatu au nne izime, kisha shika mpira wa rejeta ulioungwa kwenye nyumba ya themostati. (Usipeleke mkono karibu na feni inayozunguka, wala kitenge au shuka.) Mpira uwe bado baridi, baadaye, injini ikishapata moto, ndipo upate joto kwa ghafla. Ukipata joto kidogo kidogo tangu mwanzo, themostati imekwama wazi au haipo.

Kuhakikisha, itoe injini ikiwa imepoa. Usifungue kamwe mfuniko wa rejeta yenye moto. Ining'inize kwa uzi ndani ya maji, katika kopo lisilotumika kwa chakula, isiguse chini, na uchemshe. Nambari iliyogongwa juu yake, kama 76, 82 au 88, ni nyuzi za joto inapoanza kufunguka. Katika mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo kipimo kinawezekana. Ikiwa wazi ndani ya maji baridi, haifai. Isipofunguka maji yakichemka, haifai pia, na hiyo itaua injini haraka zaidi.

Themostati ikiwa nzima, tazama kiwango cha maji, maana kipima joto kisichoguswa na maji husema uongo. Kisha angalia kama klachi ya feni imeganda, feni ikivuma kwa nguvu hata asubuhi.

Kufunika rejeta kwa boksi si dawa. Dereva husahau kulitoa, na saa sita mchana silinda hedi imepinda.

Unaporudisha themostati, weka gasketi mpya. Kama ina kitundu chenye pini, kiwe upande wa juu ili hewa itoke. Jaza maji taratibu, washa injini, ongeza yanapopungua, kisha funga mfuniko.