Dondoo muhimu: Msome chatu kabla ya kumshika

Wayeye, mafundi wa nyoka wa Unyamwezi na Usukuma, hucheza ngoma na chatu hai. Ukitaka kumfuga, zingatia haya:

• Kibali kwanza. Chatu ni mnyamapori. Sheria ya Tanzania ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inamlinda.

• Tazama shingo. Ikijikunja kama herufi S huku akifoka, rudi nyuma. Mwili ukilegea, ametulia.

• Tazama macho. Yakiwa na ukungu mweupe, anakaribia kujivua gamba. Haoni vizuri, huuma upesi.

• Akishashiba, mwache siku mbili. Ukimsumbua anaweza kutapika.

• Nawa mikono. Harufu ya kuku au panya humfanya akudhanie chakula.

• Usimshike peke yako akiwa mkubwa. Hana sumu, lakini hukaba.