Dondoo muhimu: Mtu "courteous" ni wa namna gani?

Ni mwenye adabu inayoonekana kwa vitendo: karani anayeinuka kumpokea mteja, dereva anayempisha mwenzake. Neno hili ni rasmi kuliko "polite". Liweke kwenye barua ya kumpendekeza mtu kazini, si katika kumsifu mtoto wa jirani. Anayetendewa hutanguliwa na "to": She was courteous to every patient. Usilichanganye na "civil", ambalo ni sifa ya ubahili: mtu hakukutukana, basi. Tamka "courteous" karibu na "kátias", si "kotiasi", ingawa asili yake ni Kifaransa cha kale, kwenye adabu za ikulu za wafalme. Kinyume chake andika "discourteous". "Uncourteous" limekwisha kuchakaa, liache.