Wakaguzi wa Ushindani Wakifika Ghafla: Haki za Kampuni Yako

Kijitabu hiki ni cha wenye biashara wa Ushetu na majirani zao wa Kahama, Msalala na Geita: wanunuzi wa tumbaku na pamba, wenye mashine za mpunga, mawakala wa pembejeo, na kampuni zinazoomba zabuni migodini. Ni cha karani na mlinzi wa getini pia, maana mara nyingi wao ndio wanaokutana na wakaguzi kabla bosi hajafika.

Kwa nini wanakuja bila taarifa

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inawakataza washindani kupanga bei kwa pamoja au kula njama kwenye zabuni. Faini inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka, na ukali huo una sababu. Wanunuzi wakikubaliana bei ya kilo kabla ya msimu, mkulima wa Ulowa aliyehangaika na tumbaku yake tangu kitaluni hadi kwenye bani anafika sokoni bei ikiwa imeshakatwa na watu asiowaona.

Mapatano ya namna hiyo hayaandikwi kwenye mkataba. Yamo kwenye meseji, kwenye daftari la karani, kwenye barua pepe ya usiku, na yote hayo hufutika kwa dakika moja. Kwa hiyo upekuzi wa ghafla ni nyenzo halali. Mwaka 2016 mamlaka ya ushindani ya Kenya iliingia bila taarifa katika ofisi za kampuni za mbolea. Hapa kwetu mwenye jukumu hilo ni Tume ya Ushindani, FCC.

Soma karatasi kabla ya kufungua kabati

Omba vitambulisho, kisha uliza: mmekuja kwa sheria ipi? Swali hili si ukaidi. FCC hiyohiyo inasimamia pia Sheria ya Alama za Bidhaa, na wafanyabiashara wengi wa kanda hii wanawafahamu maofisa wake kwa ukaguzi wa bidhaa bandia. Anayekagua betri bandia rafuni hajapewa kwa kazi hiyo ruhusa ya kusoma barua zako za zabuni.

Tofautisha pia hati ya wito na hati ya upekuzi. Wito unakutaka upeleke nyaraka au ukatoe maelezo. Ukipuuza unavunja sheria, lakini haumpi mtu ruhusa ya kufungua droo zako. Hati ya upekuzi ndiyo inayofungua mlango. Isome yote: imetolewa na nani, inataja jengo lipi, kampuni ipi, tuhuma gani. Ikitaja ghala la Nyamilangano, nyumba yako ya Kahama haimo. Omba nakala au uipige picha.

Mipaka hiyo ina uzito mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliipa ushindi kampuni ya reli ya Deutsche Bahn, kwa kuwa wakaguzi walikuwa wameelezwa mapema juu ya tuhuma nyingine isiyokuwamo kwenye hati, wakarudi na nyaraka zake. Afrika Kusini, mwaka 2002, Mahakama ya Juu ya Rufaa ilitengua upekuzi uliofanywa kwenye kampuni ya saruji ya Pretoria Portland Cement. Wapekuzi walikuwa wameongozana na kamera za televisheni. Maamuzi hayo hayazifungi mahakama zetu, lakini wakili wako anaweza kuyatumia katika hoja zake. Na Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake.

Wakiwa ndani

Mpigie wakili mara moja. Wengi wako Kahama au Shinyanga mjini, na wakaguzi hawalazimiki kusubiri gari lifike kutoka huko. Omba muda mfupi kwa heshima, na azungumze nao kwa simu. Barua kati yako na wakili wako zinalindwa na Sheria ya Ushahidi. Ziweke kwenye faili lake lenye jina, leo, kabla hajaja mtu.

Simu ndiyo inayoleta mvutano mkubwa, kwa sababu mfanyabiashara wetu ana simu moja ya mizani, ya wateja na ya watoto. Omba wachukue mazungumzo yanayohusu tuhuma tu, na omba iandikwe ni nini kimenakiliwa. Kila kinachobebwa kiwe kwenye orodha iliyosainiwa na pande zote, nawe ubaki na nakala. Penye siri halali ya biashara, kama gharama zako au majina ya wateja, dai kwa maandishi itunzwe kuwa siri. Sheria ya Ushindani inakuruhusu.

Ukiulizwa, jibu unachokijua, usikisie. Karani asilazimishwe kueleza maana ya waraka ambao hakuuandika.

Usifanye haya

Usifute meseji. Usichome karatasi. Usiwapigie wenzako wa soko kuwaonya. Chumba kikifungwa kwa lakiri, kiache: mwaka 2008 kampuni ya nishati ya E.ON ya Ujerumani ilitozwa yuro milioni 38 kwa sababu ya lakiri moja iliyovunjwa. Hata kama hati ina kasoro, usizuie mlango kwa nguvu. Sema kwamba unapinga, andika pingamizi lako na saa uliyolitoa, kisha waache wafanye kazi.

Baadaye

Tume haiwezi kukutia hatiani bila kukusikiliza. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 28 za kukata rufaa Baraza la Ushindani, na utaratibu uliokiukwa ni moja ya sababu zinazokubalika, mradi ukiukwaji huo uliathiri uamuzi. Siku 28 kwa mtu wa Ushetu ni chache, kwa hiyo mpelekee wakili orodha, nakala ya hati na pingamizi lako wiki hiyohiyo ya upekuzi.