Mwambie msaidizi alivunje jedwali lako

Karani wa kikundi cha wafugaji hapa Bokoli anayeandika fomula ya Excel ili ijumlishe lita za maziwa za kila mwanachama na kukata deni la lishe ametengeneza programu, hata kama hajawahi kusomea kompyuta. Jedwali lake linapokea taarifa, linaamua, na mtu analipwa kwa uamuzi huo. Ndiyo maana nadhani tunawasifu wasaidizi wa akili unde kama ChatGPT na Gemini kwa jambo dogo tunaposema wanatuandikia fomula haraka. Kuandika hakukuwa tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba hakuna anayekijaribu kilichoandikwa kabla ya kukitegemea, na hapo ndipo msaidizi ana manufaa zaidi.

Kosa la jedwali halipigi kelele. Makala ya mwaka 2010 ya wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff kuhusu madeni ya serikali ilinukuliwa na wanasiasa duniani kote. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon alionyesha kwamba fomula yao ya Excel ilikuwa imeacha nchi 5 nje ya wastani. Oktoba 2020 Uingereza nayo iligundua kuwa karibu visa 16,000 vya korona havikuhesabiwa, kwa kuwa faili la Excel la muundo wa zamani halibebi zaidi ya mistari 65,536. Kama wasomi na serikali walipitwa, karani mmoja mwenye simu na kompyuta kuukuu atapitwa pia.

Kwa hiyo usianze na “niandikie fomula”. Eleza kazi kwa Kiswahili cha kawaida, kisha mwambie: niulize yote niliyosahau kusema. Kwa mnunuzi wa mahindi anayepeleka mzigo Kitale, swali zuri ni kama gunia ni la kilo 90 au 50, na yule aliyeleta debe au gorogoro ataandikwaje. Baada ya kujibu, mwagize atafute taarifa zitakazoharibu hesabu. Atakukumbusha kwamba Excel humeza sifuri ya mwanzo ya namba ya simu, na kwamba namba iliyoandikwa kwa 07 haitalingana na ile ile iliyoandikwa kwa 254. Kwamba tarehe 3/4 inaweza kuwa ya Aprili au ya Machi. Kwamba majina hujirudia, na huku kwetu kikundi chenye akina Wafula watatu si ajabu, basi kila mtu apewe namba ya uanachama. Mwisho, piga mwenyewe hesabu ya mistari michache kwa kalamu, ukichagua ile migumu, halafu linganisha na jibu la jedwali.

Mtu atasema msaidizi mwenyewe hukosea, tena kwa kujiamini. Kweli kabisa, na ndiyo sababu ya kumpa kazi ya kutafuta makosa. Akidai kuna hitilafu isiyokuwepo, unapoteza dakika moja kuhakikisha. Akikupa fomula mbovu ukaipokea, mwanachama anapoteza hela. Hesabu ya kalamu inabaki kuwa shahidi asiyemtegemea yeye. Wengine watasema tuajiri fundi. Ukitaka mfumo unaopokea malipo moja kwa moja kupitia Daraja, huduma ya Safaricom inayounganisha programu na M-Pesa, ajiri, usibahatishe. Lakini vikundi vingi havina fedha hizo, na jedwali litaendelea kutumika fundi awepo asiwepo.

Pingamizi ninaloliona zito ni la siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakuhusu unapokuwa na majina, simu na madeni ya wanachama, na kuyabandika yote kwa msaidizi ni uzembe. Wala hahitaji kuyaona, kwa sababu kinachojaribiwa ni umbo la taarifa. Weka majina ya kubuni, mawili yafanane kwa makusudi, na badilisha kiasi cha madeni. Namba za simu nazo ziwe za uongo, ila zibaki na tarakimu 10 na zianze na sifuri, maana sifuri hiyo ndiyo Excel itakayoimeza.